Kuhama jimbo Marekani: jinsi ya kulinganisha kodi ya majengo na gharama za nyumba kabla ya kufunga mizigo

Kila shule zinapokaribia kufungwa, maswali huwa yaleyale. "Texas hakuna kodi, si bora nihamie huko?" "Nyumba za Ohio ni rahisi, kwa nini niendelee kubanana Maryland?" "Mbona jirani yangu analipa kodi ya majengo dola 4,900, na mimi niliyenunua nyumba kama yake nimeletewa bili ya karibu 7,000?" Mwongozo huu ni wa ndugu zetu walioko Marekani wanaofikiria kutoka jimbo moja kwenda lingine, hasa wanaotaka kununua nyumba.

Shika jambo moja kabla ya yote. Usilinganishe majimbo, linganisha nyumba zenye anwani, na upige hesabu kana kwamba umeshanunua wewe. Bili ya anayekuuzia si bili yako. Huenda amekaa humo miaka kumi na tano, ana punguzo la wazee, na sheria ya jimbo imemkinga bei zisimpandie. Ukinunua, kinga hiyo inabaki naye.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Fomu ya W-2 ya mwaka jana (ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa) na marejesho ya kodi ya jimbo unaloishi sasa.
- Mkataba wa pango, au kama una nyumba, taarifa ya mwaka ya eskro (akaunti ya mkopeshaji ya kulipia kodi na bima yako) kutoka kwa mkopeshaji wako.
- Anwani tatu za nyumba halisi unakotaka kwenda. Zitoe kwenye Zillow (tovuti ya matangazo ya nyumba) au kwa wakala wa nyumba, lakini ziwe nyumba unazoweza kuzimudu kweli.
- Bili za umeme, gesi na maji za miezi kumi na miwili, siyo za mwezi mmoja.
- Karatasi yenye safu nne: moja ya unakoishi sasa, tatu za zile nyumba.
- Jioni mbili zisizo na zamu kazini.

Hatua ya 1: Andika unacholipa sasa, chote

Anza na pango au mkopo, kisha bima, umeme, maji, maegesho. Halafu chukua W-2 uangalie kisanduku cha 17: hapo ndipo ilipo kodi ya mapato ya jimbo iliyokatwa. Kisanduku cha 19 ni kodi ya mapato ya mji au kaunti, ambayo wengi hawajawahi kuitazama. Toa kodi ya jimbo uliyorudishiwa, gawanya kwa 12, andika.

Ongeza mstari wa pesa unayotuma nyumbani na mchango wa chama. Benki haitakuuliza habari hiyo inapokukadiria mkopo, ndiyo maana itakwambia unaweza kumudu nyumba ambayo kwa kweli huiwezi. Ada ya mdogo wako na dawa za mama haziondoki kwa sababu umehamia Houston.

Hatua ya 2: Chagua anwani

Kodi ya majengo Marekani hutozwa na serikali za mitaa: kaunti, mji, wilaya ya shule, na mara nyingi vyombo vingine vidogo. Nyumba mbili zilizotenganishwa na barabara zinaweza kuwa wilaya mbili za shule na bili mbili tofauti kabisa.

Takwimu za jimbo zima zinakupa picha ya mbali tu. Hawaii kiwango halisi ni kama asilimia 0.3 ya thamani ya nyumba, wakati New Jersey na Illinois kinakaribia asilimia 2. Lakini nyumba ya Hawaii ni ghali mno, kwa hiyo asilimia ndogo haimaanishi maisha rahisi. New Jersey, wastani wa bili ulivuka dola 10,000 mwaka 2024. Ukishajua hayo, weka majimbo pembeni urudi kwenye anwani zako tatu.

Hatua ya 3: Fungua rekodi ya kodi ya nyumba hiyo

Rekodi hizi ni za umma na ni bure. Tafuta tovuti ya ofisi ya uthamini ya kaunti husika, andika anwani. Nakili mambo manne: thamani ya soko kwa mujibu wa kaunti, thamani ya kutozwa kodi, mapunguzo aliyonayo mmiliki wa sasa, na orodha ya vyombo vinavyotoza pamoja na kiwango cha kila kimoja.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu majimbo hayaandiki viwango kwa namna moja. Texas huandika kwa kila dola 100. Georgia, Florida na Michigan hutumia mili, yaani dola kwa kila dola 1,000. Na majimbo mengine hayatozi thamani yote: Georgia hutoza asilimia 40 ya thamani ya soko, Ohio asilimia 35, Tennessee asilimia 25 kwa nyumba za kuishi, Michigan nusu.

Kwa hiyo mtu akikwambia Georgia "wanatoza mili 30", usishtuke. Nyumba ya dola 300,000 hutozwa juu ya dola 120,000. Zidisha kwa 30, gawanya kwa 1,000: dola 3,600 kwa mwaka, sawa na asilimia 1.2 ya bei. Hiyo asilimia ya mwisho, kodi ya mwaka ikigawanywa kwa bei ya nyumba, ndiyo pekee inayoweza kulinganishwa jimbo kwa jimbo.

Hatua ya 4: Piga hesabu upya kana kwamba umenunua leo

Usiiruke hatua hii hata kama umechoka.

Majimbo kadhaa huzuia thamani ya kutozwa kodi isipande haraka, hasa kwa anayeishi kwenye nyumba yake. California, tangu sheria ya mwaka 1978, ongezeko haliwezi kuzidi asilimia 2 kwa mwaka. Florida ni asilimia 3 au mfumuko wa bei, kile kilicho kidogo. Michigan ni asilimia 5 au mfumuko wa bei. Texas ni asilimia 10. Nyumba ikiuzwa, kinga inavunjika na thamani inarudi kwenye bei ya soko.

Tuchukue mfano wa Texas, kwenye mtaa mpya nje ya mji mkubwa. Namba ni za mfano, ila mpangilio wake ndio utakaoukuta. Nyumba inauzwa dola 350,000. Wilaya ya shule inatoza 1.10 kwa kila dola 100, kaunti na wenzake 0.50, na MUD 0.80. MUD ni chombo kilichokopa pesa kuleta maji na maji taka kwenye mtaa, na wakazi ndio wanaolipa deni hilo.

Muuzaji amekingwa, hivyo anatozwa juu ya dola 270,000 tu. Tangu wapigakura walipopitisha Novemba 2025, mwenye nyumba anayeishi humo anaondolewa dola 140,000 kwenye kodi ya shule. Hilo ndilo punguzo la homestedi. Bili ya muuzaji basi ni:

- Shule: 130,000 × 1.10% = 1,430
- Kaunti na wenzake: 270,000 × 0.50% = 1,350
- MUD: 270,000 × 0.80% = 2,160
- Jumla: dola 4,940

Wewe utatozwa juu ya 350,000:

- Shule: 210,000 × 1.10% = 2,310
- Kaunti na wenzake: 350,000 × 0.50% = 1,750
- MUD: 350,000 × 0.80% = 2,800
- Jumla: dola 6,860

Nyumba ni ileile, na tofauti ni dola 160 kila mwezi. Ukisahau kuomba homestedi, shule itatoza 350,000 zote na jumla itafika dola 8,400. Na kama muuzaji ana miaka 65 au zaidi, bili yake itakuwa ndogo hata kuliko hiyo 4,940, maana Texas humwekea mzee dari kwenye kodi ya shule.

Onyo: makadirio ya malipo ya mwezi unayoyaona chini ya picha za nyumba mtandaoni mara nyingi hutegemea bili ya nyuma. Yatumie kuchagua nyumba za kwenda kuzitazama. Usiyatumie kuamua.

Hatua ya 5: Jua punguzo lako na tarehe yake ya mwisho

Homestedi haiji yenyewe. Unaomba, na kila jimbo lina tarehe yake: Florida ni Machi 1, Texas ni Aprili 30, Minnesota ni Desemba 31. Nyumba iwe makazi yako makuu. Texas watataka leseni yako ya udereva iwe na anwani ya nyumba hiyohiyo, kwa hiyo badilisha leseni kwanza, ndipo ujaze fomu.

Kuomba ni bure. Baada ya kununua utaanza kupokea barua zenye nembo na maneno makali zikikutaka ulipe ili "wakusajilie" punguzo. Zitupe, nenda kwenye tovuti ya kaunti.

Tena, ukihama huku ukibaki na nyumba ya zamani ya kupangisha, futa homestedi ya kule. Florida wakikugundua wanaweza kudai kodi ya hadi miaka kumi nyuma, pamoja na faini ya asilimia 50 na riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Usijiingize huko kwa kusahau fomu moja.

Hatua ya 6: Omba bei ya bima kwa anwani hiyo, kabla ya kutoa ofa

Bima ya nyumba imegeuka kuwa mzigo wa pili baada ya kodi, hasa Florida, Louisiana, Texas na Oklahoma. Piga simu kwa mawakala wawili au watatu, wape anwani, waulize mambo matatu.

Kwanza, bei kwa mwaka. Pili, paa likipigwa na mvua ya mawe utajibebea kiasi gani kabla bima haijalipa. Kule kwenye upepo na mawe kiasi hicho mara nyingi ni asilimia 1 au 2 ya thamani iliyokatiwa bima. Asilimia 2 ya 350,000 ni dola 7,000 kutoka mfukoni mwako. Tatu, mafuriko. Bima ya kawaida ya nyumba haigusi mafuriko. Angalia ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la shirikisho la maafa, kwa anwani yako. Bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, isipokuwa ikinunuliwa pamoja na mkopo. Kimbunga kikishatangazwa, umechelewa.

Hatua ya 7: Ongeza ada zinazojificha

Ada ya HOA, yaani chama cha wenye nyumba wa mtaa, ya mwezi au mwaka. PMI, bima inayomlinda mkopeshaji, kama malipo yako ya awali hayafiki asilimia 20. Umeme wa kiyoyozi kule kusini, au gesi ya kupasha nyumba kule kaskazini: mwombe muuzaji bili za Agosti na Januari. Nauli na mafuta kama nyumba rahisi iko saa nzima kutoka kazini.

Hatua ya 8: Kodi nyingine za jimbo

Majimbo yasiyotoza mshahara ni Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Pesa ya barabara na shule hutafutwa kwingine. Tennessee, kwa mfano, kodi ya mauzo ya jimbo na ya mitaa ikijumlishwa hukaribia asilimia 10, na chakula dukani nacho kinatozwa.

Upande wa pili, kuna mahali unakatwa mara mbili. Kaunti za Maryland hutoza kodi yao ya mapato, kuanzia asilimia 2.25 hadi zaidi ya 3, juu ya ile ya jimbo. Columbus, Ohio, ni asilimia 2.5 ya mshahara. Louisville, walikohamia Wakongomani wengi, mkazi anakatwa asilimia 2.2.

Usisahau gari. Virginia hutoza kodi ya gari kila mwaka. Georgia, mgeni anayeingia na gari lake hulipa mara moja asilimia 3 ya thamani yake. Familia yenye magari mawili na lori dogo la biashara itaziona tofauti hizi.

Kuhusu kupunguziwa kodi ya shirikisho kwa sababu umelipa kodi ya majengo: kwa mwaka wa kodi wa 2025 kikomo cha kodi za jimbo na mitaa unazoweza kuondoa kwenye mapato kilipandishwa kutoka dola 10,000 hadi 40,000, lakini inakusaidia tu kama makato yako yote yanazidi punguzo la kawaida, ambalo kwa wanandoa lilikuwa dola 31,500 mwaka huo. Familia nyingi za kwetu hazifiki hapo. Usiiweke kwenye hesabu.

Hatua ya 9: Jumlisha kwa mwezi

Huu ni mfano wa nyumba ya dola 350,000, malipo ya awali asilimia 10, riba asilimia 6.5, miaka 30. Kushoto Minnesota, kulia ile nyumba yetu ya Texas:

- Mkopo: 1,991 / 1,991
- Kodi ya majengo: 350 / 572
- Bima: 220 / 340
- PMI: 120 / 120
- HOA: 0 / 75
- Umeme, gesi, maji: 300 / 300
- Kodi ya mapato ya jimbo: 283 / 0
- Jumla: 3,264 / 3,398

"Jimbo lisilo na kodi" limezidi kwa dola 134 kwa mwezi. Badilisha namba moja, tuseme kipato kikubwa zaidi au mtaa usio na MUD, na Texas inashinda. Mwenye mshahara mkubwa na nyumba ya wastani hufaidika Texas. Mwenye mshahara wa kawaida na nyumba kubwa huumia. Ndiyo maana jibu la shemeji yako haliwezi kuwa lako.

Andika pia chini ya karatasi gharama za mara moja: lori la kuhamisha, gharama za kufunga ununuzi, leseni na namba za magari, wiki bila mshahara. Kama wewe ni muuguzi, angalia leseni: Texas imo kwenye mkataba wa leseni ya pamoja wa majimbo, California haimo. Baki na akiba ya angalau miezi mitatu baada ya kununua.

Kama unapanga

Mpangaji halipi kodi ya majengo moja kwa moja, ila imo ndani ya pango, na ikipanda mkataba unaofuata utakwambia. Minnesota humrudishia mpangaji mwenye kipato cha chini au cha kati sehemu yake. Mwenye nyumba anapaswa kukupa cheti cha pango ulilolipa kufikia Januari 31, nawe unadai kwenye marejesho ya kodi. Ukihama katikati ya mwaka, kifuate hicho cheti.

Ushauri wangu ni upange kwanza, miezi sita hadi mwaka, kabla ya kununua kwenye jimbo usilolijua. Utajua mtaa upi unafurika, shule ipi ina nafasi, na msikiti au kanisa lako liko umbali gani. Bei zinaweza kupanda ukingoja, nakubali. Lakini kununua vibaya na kuuza baada ya mwaka mmoja hula pesa nyingi kuliko mwaka wa pango.

Mambo yakienda kombo

*Malipo ya mkopo yamepanda ilhali riba haibadiliki.* Ni eskro. Mkopeshaji anakusanya kila mwezi sehemu ya 12 ya kodi na bima, na anaruhusiwa kushikilia akiba isiyozidi miezi miwili. Kodi au bima ikipanda, anadai pengo la nyuma na kiwango kipya kwa pamoja. Omba ile karatasi ya uchambuzi wa eskro, linganisha na bili ya kaunti, kisha uulize kama unaweza kulipa pengo kwa mkupuo au kwa miezi 12.

*Nyumba ni mpya kabisa na bili ya kwanza ni ndogo ajabu.* Walitoza kiwanja, nyumba ilikuwa haijakamilika Januari 1. Bili ya mwaka unaofuata itakuwa ya nyumba nzima. Weka tofauti hiyo kwenye akaunti tangu mwezi wa kwanza, au mwombe mkopeshaji akukate kwa hesabu ya nyumba iliyokamilika.

*Mwaka wa kwanza Florida au Michigan ulikuwa shwari, wa pili bili ikaruka.* Ulikuwa bado unatumia thamani ya muuzaji. Kinga yake hufutwa mwaka unaofuata mauzo. Hakuna kosa lililofanyika, na rufaa haitairudisha.

*California imekuletea bili ya ziada.* Ni kodi ya tofauti kati ya thamani ya zamani na bei uliyonunulia. Huletwa kwako, na mara nyingi mkopeshaji hailipi kutoka kwenye eskro. Usiiweke kwenye droo ukidhani benki imeshalipa.

*Kaunti imeithamini nyumba kupita kiasi.* Pinga. Texas mwisho ni Mei 15 au siku 30 baada ya kutumiwa taarifa, ile iliyo baadaye. Peleka bei za nyumba tatu zinazofanana zilizouzwa karibu nawe, picha za nyufa za msingi na makadirio ya fundi. Usiende kulalamika kwamba kodi ni kubwa. Wanaokusikiliza wana mamlaka juu ya thamani tu, siyo kiwango.

*Jimbo la zamani bado linakata mshahara wako.* Mjulishe mwajiri anwani mpya kwa maandishi siku unayohama, hasa kama unafanya kazi ukiwa nyumbani. Mwaka huo utajaza marejesho kwa kila jimbo linalotoza mapato uliloishi, kila moja kwa sehemu yake ya mwaka. Tunza mkataba wa pango, risiti ya lori na bili ya kwanza ya umeme. Ndivyo vinavyothibitisha tarehe uliyohama wakikuuliza.